Kumbi za Nyundo Tano

Jumapili ya kwanza kanisa letu lilipohamia kwenye jumba la zamani la sinema, Mama Bupe alikataa kuingia. Alifika nasi hadi mlangoni, kitambaa cheupe kichwani, Biblia kwapani, akatia mguu mmoja ndani. Kisha akaurudisha. Akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kusukumwa.

"Mama, songa, batu beko nyuma," binti yake Yvette alimwambia kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi.

"Bameshatangulia," akajibu Mama Bupe.

"Banani?"

Aligeuka, akapenya katikati ya waumini waliokuwa wakipanda, akaketi kwenye ngazi za nje akitazama barabara inayokwea kwenda mtaa wa Berea. Alikaa pale tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Mimi nilibaki naye. Ni jirani yangu. Mimi ni Mkenya, nafundisha hesabu hapa Durban, na fleti yangu iko chini ya ile ya Yvette. Lakini nitakiri kwamba sikubaki kwa ujirani tu. Jana yake nilikuwa nimemsikia akisema neno ambalo sikulitegemea kinywani mwa bibi wa miaka sabini na mmoja.

Jana yake tulikuwa tumekwenda kusafisha. Wanaume walikuwa wakikwangua rangi ya ukuta wa nyuma, na chini ya tabaka la tatu yakatokea mabango ya karatasi yaliyogandamana na plasta. Vijana wanne wa Kizungu wenye nywele za kufika mabegani, magita, suruali pana chini, na tarehe ya mwaka 1974. Enzi hizo jumba lilikuwa la Wazungu peke yao, na mlinzi wa jengo, mzee wa Kizulu, alituambia kwamba kila Ijumaa lilikuwa likipokea bendi za rock. Yeye alikuwa mfagizi wakati huo. Aliijua miziki ile kwa mtetemo wa ukuta. Watu walicheka zile suruali, wakaendelea kukwangua. Mama Bupe alikuja na ndoo yake, akainama, akamtazama mpiga drams wa kwenye bango kwa muda mrefu.

"Toazi la muguu amelifunga juu sana," akasema peke yake. "Atachoka mukono mbele ya saa."

Basi pale kwenye ngazi nilimwuliza. "Mama Bupe, wewe umejulia wapi mambo ya matoazi?"

Alinitazama kwa upande. Ndani walikuwa wameanza kuimba, na besi ya kinanda ilikuwa ikipita kwenye saruji tuliyoikalia.

"Mwalimu," akasema, "miye nilikuwa batteur, mupiga drams. Miaka sita. Bendi ya rock."

Nilidhani anatania. Hakuwa akitania.

Alizaliwa Lubumbashi, baba yake akiwa fundi wa matanuri ya kuyeyushia shaba. Kaka yake alipiga ngoma katika bendi ya matarumbeta ya misheni, na siku alipovunjika kiwiko, Bupe akiwa na miaka kumi na mitatu alivaa kofia yake akaenda kumshikia nafasi. Padri hakugundua hadi wiki ya tatu, na alipogundua alimwacha, kwa sababu hakuna mvulana aliyeshika mwendo kama yeye. Mwaka 1973, vijana wanne wa mtaa wa Kamalondo walikuwa wakitafuta mpiga drams. Anicet alikuwa mwimbaji, Papy alipiga gita la besi, Alain kinanda. Wa nne alikuwa Tito, mpiga gita la solo, ambaye alikuwa amejifunza kwa kusikiliza redio za ng'ambo na santuri zilizovushwa mpaka kutoka upande wa Zambia. Wazazi wao walitaka wapige rumba kama watu wenye akili. Wao walitaka kelele. Walijiita Nyundo Tano, kwa kuwa baba zao wote watano walikula kwa nyundo.

"Batu balikuwa banakuja kuona mwanamuke mwenye kupiga batri," Mama Bupe aliniambia. "Banakuja kucheka. Dakika ya kumi hakuna wa kucheka."

Alinitajia kumbi. Ndivyo alivyosimulia maisha yake, si kwa miaka bali kwa kumbi. Ukumbi wa wafanyakazi wa kule Likasi, wenye paa la bati, ambapo mvua ya Januari iliwashinda sauti wakalazimika kukaa kwenye ukingo wa jukwaa wakisubiri ipite, na watu elfu moja wakasubiri nao, hakuna aliyeondoka. Sinema ya Kolwezi, ambapo pazia la kuonyeshea filamu halikutolewa, na vivuli vyao vilipanda juu yake vikubwa kama nyumba. Ukumbi wa Kitwe, ng'ambo ya mpaka, ambako Waafrika wenzao walipiga rock kali kuliko wao na Nyundo Tano wakarudi nyumbani lori zima likiwa kimya. Na Likasi tena, alasiri moja. Maonyesho yalianza saa tisa mchana kwa ajili ya wachimbaji wa zamu. Wachimbaji wakaja moja kwa moja kutoka chini ya ardhi, kofia kichwani, uso mweusi kwa vumbi. Madirisha yalikuwa yamefunikwa na taa za ukumbi zilikuwa dhaifu. Tito akasema kwenye maikrofoni, "Hatumuoni dada yetu." Wachimbaji wakawasha taa za kofia zao, mmoja baada ya mwingine, wakazielekeza zote kwenye drams.

"Sikuona kitu tena," alisema Mama Bupe. "Mwanga tu. Nilipiga bila kuona mikono yangu."

Halafu nikaona kwamba anasikiliza besi iliyokuwa ikipita chini yetu.

"Bote bane balishakufa," akasema. "Lakini mu kila sale, kila ukumbi kama hii, banakuwa bamefika mbele yangu. Banakaa kule nyuma kwa ukuta, sawa vile balikuwa banangojea kupima sauti. Nasikia harufu ya vumbi yenye kuungua juu ya ampli. Njo maana siingie."

Nilifanya kosa jioni ile. Nilimsimulia Yvette. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, na hakuwahi kusikia hata mara moja kwamba mama yake alishika vijiti vya ngoma. Alicheka hadi akatoa machozi, akapiga simu, na mtu wa kwanza kumpigia alikuwa mke wa mchungaji. Jumapili iliyofuata Mama Bupe alikuwa kwenye ngazi tena, mimi kando yake, na vipaza sauti vya nje vikatuletea sauti ya mchungaji akiomba kanisa zima limkumbuke "mama yetu Bupe, aliyepiga muziki wa rock kule Lubumbashi na kundi la Nyundo Tano, ili Bwana amfungue." Tulisikia wanawake wakivuta pumzi. Mtu mmoja alisema kwa nguvu, "Muziki wa shetani!"

Mama Bupe hakunigombeza. Aliniangalia tu.

"Ile jina ilikuwa imelala, Mwalimu," akasema.

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, mwanamke mmoja alibisha mlango wa Yvette. Nilikuwa pale, Yvette alikuwa amerudi kutoka dukani kwake anakouza simu, na tulikuwa tukifunga madirisha kwa sababu tumbili wa Berea walikuwa wamekwisha kuingia jikoni mara moja na kubeba mkate. Mwanamke huyo alikuwa mwembamba, wa makamo, mwenye vidole virefu ajabu. Alisema anaitwa Goreth. Alisema anasuka nywele karibu na stendi ya taxi kule Isipingo, na kwamba Jumapili iliyopita rafiki yake alikuwa amemwalika kanisani kwetu.

Alikataa kiti. Alibaki amesimama katikati ya sebule, akimtazama Mama Bupe.

"Miye ni mutoto wa Tito," akasema.

Mama Bupe alikuwa ameketi kwenye kochi, kikombe mkononi. Hakukiangusha. Alikiweka chini polepole, akaitazama mikono ya mgeni.

"Iko mikono yake," akasema.

"Kwa nyumba ya nyanya yangu, jina yako haikuwa inatajwa," Goreth alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu aliyekariri njiani, ndani ya taxi, maneno atakayosema. "Banasema bale batano balikula sahani moja. Bane bakakonda, bakakufa. Mumoja akanenepa. Banasema ni weye ulibakula. Mama, miye sikukuja kupigana. Niko na miaka makumi ine na tano, nimeona mengi. Nilikuja juu ya kitu kimoja. Sauti ya papa nimeisahau. Sina hata sale moja yenye naweza kusema, papa alisimama hapa. Unitajie tu. Fasi kwa fasi, ukumbi kwa ukumbi."

Yvette alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mkono mdomoni. Hii nayo hakuwahi kuisikia.

Ilibidi Mama Bupe aeleze. Bendi ilivunjika mwaka 1979. Vita vilikuwa vimefunga kumbi za Kolwezi, shaba ilikuwa imeshuka bei, na yeye alikuwa ameolewa na karani wa reli aliyesema mke wa mtu hafungui miguu mbele ya ngoma. Aliviweka vijiti. Miaka mitano baadaye Anicet akaanza kukonda. Koo lile lililokuwa likitoa sauti ya kupasua bati likajaa utando mweupe, akafa hawezi kunong'ona. Kisha Papy. Kisha Alain, mwaka uleule, na Tito wa mwisho. Leo kila mtu anajua jina la ugonjwa ule; wakati ule hakuna aliyelitaja, na wengi hawakulijua. Walijua tu kwamba wavulana wanne walizunguka kumbi na mwanamke mmoja, na mwanamke huyo ana afya. Katika msiba wa Alain, Bupe alipoketi mkekani, wanawake waliokuwa kulia na kushoto kwake waliinuka. Walihama tu, na mkeka ukabaki wake peke yake hadi jioni.

"Na weye ulijua ni nini?" Goreth aliuliza.

"Sikujua. Nilisema kwa roho yangu, pengine ni kweli. Pengine iko kitu nilibafanyia bila kujua." Akapangusa midomo. "Hapa Durban, kliniki, mwaka wa elfu mbili na sita, balinipima. Balisema niko muzima. Nililia. Nesi akafikiri ni furaha."

Akaanza kumtajia. Alitaja Likasi, ile ya mvua, na jinsi Tito alivyolala chali jukwaani akiangalia bati wakati wengine wamekaa. Alitaja Kolwezi na vivuli. Goreth hatimaye aliketi, kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa ametoa simu yake anarekodi, na kila ukumbi ulipotajwa aliurudia jina lake kwa midomo bila sauti. Chai ilipoa. Mama Bupe alifika Kitwe, akaanza kueleza mlango wa nyuma wa ukumbi ule, halafu akakatika.

"Zima simu, mwanangu," akasema.

Goreth akaizima.

"Mbele ya kuendelea, iko kitu. Weye ulikuya kwangu. Ulikuwa mutoto wa miaka munane. Mwaka wa makumi munane na saba, wakati papa yako alikuwa amelala mugonjwa. Ulikuya kwa miguu toka Katuba, ulivaa gauni ya masomo. Mtumishi akakuambia kama nimesafiri."

"Ndiyo."

"Sikusafiri. Nilikuwa mu nyumba, nyuma ya rido, ile pazia ya mulango. Bwana yangu alikuwa amekataza nisikanyage kule. Lakini siyo yeye. Ni miye. Niliogopa. Nilisema, nikienda, atakufa mbele yangu, na batasema ni miye. Na nikisema kweli kabisa, niliogopa kumugusa. Ulikaa kwa mulango wa kiwanja mpaka saa kumi na moja. Miye pia nilisimama mpaka saa kumi na moja. Nilikuwa nakuona."

Nje taxi ilikuwa ikipiga honi kwenye robot, taa za barabarani za pale chini, ikaondoka.

"Niliona miguu yako," Goreth akasema.

Mama Bupe aliinua kichwa.

"Rido haikufika chini. Ulivaa kandambili za kijani. Nilikuwa naziangalia siku nzima. Nilisema, zikitembea, atatoka."

"Ulijua?"

"Nilikuwa na miaka munane, mama, sikuwa mujinga. Papa alikuwa amenituma neno moja tu: mwambie Bupe akuje na vijiti vyake. Nilirudi usiku ukiingia. Akaniuliza, umemuona? Nikamutazama vile alikuwa. Nikasema hapana, papa, amesafiri." Goreth alipumua kwa mdomo. "Na yeye akafurahi. Akasema, vizuri, basi iko fasi anapiga. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mwezi mzima. Akaanza kuhesabu, pengine ni Likasi, pengine amevuka amefika Kitwe. Alisema hivyo siku tisa, mpaka alikufa. Batu bakija kumusalimia anabaambia, Bupe iko njiani, anapiga."

Alisimama, akachukua mkoba wake. Aliagana na Yvette, akaagana na mimi. Alipita mbele ya Mama Bupe bila kumwangalia, na tukasikia viatu vyake vikishuka ngazi za ghorofa zote nne bila haraka.

Kwa wiki mbili Mama Bupe alikula kama ndege. Yvette alikuwa akinipigia simu shuleni: mama hajala, mama anaongea na ukuta wa choo, mama anagonga meza kwa vidole na akinisikia anaacha. Hakuwa na hasira na mama yake. Alikuwa na woga, na juu ya woga ule alikuwa na aibu, maana sasa alikumbuka vitu vya utotoni. Alikumbuka jinsi walivyohama Lubumbashi ghafla bila kuaga. Alikumbuka wanawake waliovuka barabara walipomwona mama yake anakuja na ndoo.

Jumatano ya wiki ya tatu, likizo ya shule, Mama Bupe alishuka akagonga kwangu.

"Mwalimu, unipeleke kule kanisa. Mchana huu, wakati hakuna batu."

Tulikwenda. Mzee wa Kizulu alitufungulia, akasema eish, umeme umekatika tangu asubuhi, mtaona wenyewe. Aliacha milango yote miwili wazi ili mwanga uingie, akarudi kwenye kiti chake cha nje. Mama Bupe alisimama kidogo pale pale alipokuwa ameshika mwimo. Safari hii aliingia. Sakafu ya jumba lile inateremka kuelekea jukwaani, kama sinema zote za zamani, na yeye aliishuka kwa hatua fupi, akishika migongo ya viti. Katikati akasimama, akageuka kuelekea tulikotoka, kwenye ukuta wa nyuma. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya ya maziwa. Mabango yalikuwa yamekwisha kuondolewa.

"Beko pale," akasema.

"Wakoje, mama?" Nilijisikia nikiuliza kwa kunong'ona.

"Anicet amechuchumaa. Tumbo ilikuwa inamusumbua mbele ya kuimba. Papy anakunja waya kwa kiwiko. Alain amekaa chini. Tito amenipa mugongo. Ameweka sikio kwa gita, anafunga nyuzi."

Mimi niliona ukuta. Nasema nilichokiona. Lakini nitasema pia kwamba katika jumba lile lisilo na umeme, lisilo na kifaa hata kimoja kilichowaka tangu asubuhi, nilisikia harufu ya vumbi linaloungua juu ya chuma cha moto, na ilikuwa kali kiasi kwamba nilitazama juu kutafuta moshi.

Mama Bupe aliongea nao. Aliongea kama anavyoongea mtu na jamaa zake aliowakosea, bila kupaza sauti. "Sikusafiri, Tito," alisema. "Miaka yote hii unafikiri nilikuwa fasi napiga. Sikupiga fasi yoyote. Nilikuwa mu nyumba, nyuma ya rido. Mutoto wako alikudanganya juu yangu. Niliogopa. Anicet, na weye sikukuja. Papy, na weye. Kwa Alain nilikuja wakati umeshakufa, juu maiti haitoi mukono."

Kisha akasubiri. Nadhani alitegemea kitu: kwamba wangegeuka, au wangeondoka. Tulisubiri hadi miguu ikaniuma. Mwanga wa mlangoni ulisogea kutoka safu moja ya viti hadi nyingine.

"Ameangalia?" niliuliza mwishowe.

"Hapana. Angali anafunga nyuzi."

Akapanda ule mteremko kuelekea mlangoni, na alipofika karibu na ukuta wa nyuma alifanya jambo lililonisisimua nywele. Alipinda njia. Alizunguka pembeni, kama unavyowazunguka watu waliosimama ili usiwakanyage.

Jumapili ile aliingia kanisani. Aliketi safu ya mwisho kabisa, ukuta mgongoni. Wanawake wawili walikuwa wameketi pale. Mmoja alitazama mwenzake, na nikaona anaanza kukusanya mkoba wake ili ahame. Nikaketi haraka upande mmoja wa Mama Bupe, na Yvette akaja akaketi upande wa pili. Tangu siku hiyo tunakaa hivyo. Harufu, anasema, haijatoka. Wao pia hawajatoka. Wanapopiga kinanda, anasema, Alain hukunja uso, kwa sababu kijana wetu wa kinanda anawahi mdundo.

Goreth alirudi mwezi uliofuata, Jumamosi, saa ileile. Hakuwa amepiga simu. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye vitana, mafuta na rasta za rangi nyeusi iliyochanganyika na kijivu.

"Sijakusamehe," alisema akiwa bado mlangoni. "Usifikiri nimekuya juu ya hiyo. Lakini niliona nywele yako ile siku. Ni aibu. Na umeniacha kwa mulango wa nyuma wa Kitwe."

Mama Bupe aliketi chini, kati ya magoti ya Goreth, kama msichana. Goreth alifungua kitambaa, akaanza kuchambua zile mvi kwa kitana cha mkia, na alikuwa anavuta kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Mama Bupe hakulalamika. Alianzia Kitwe, kwenye mlango wa nyuma, alipokuwa amekatika.

Huu sasa ni mwezi wa tano. Goreth huja kila baada ya wiki mbili, na kila ujio ni ukumbi mmoja, hauzidi. Mama Bupe anasema zilikuwa kumbi ishirini na tatu. Wamefika wa kumi. Ule mlango wa kiwanja haujawahi kutajwa tena. Wakati mwingine mimi huwa pale nikisahihisha madaftari, nikisikia mahali nisipowahi kufika pakijengwa: jukwaa la mbao lililobonyea upande wa kinanda, choo kilichokuwa mbali, mwuza karanga aliyejua nyimbo zao zote. Goreth anauliza kama mpelelezi. Alisimama upande gani? Alikuwa akitazama watu au gita? Alikunywa nini kabla?

Jumamosi iliyopita aliuliza baba yake alivaa nini siku ile, kwenye ukumbi mdogo wa Kipushi.

Mama Bupe alifikiri. Mkono wa Goreth ulisimama juu ya kichwa chake.

"Siikumbuke," akasema.

"Ulikumbuka ya Likasi. Ulikumbuka hata vifungo."

"Ya Likasi, ndiyo. Ya Kipushi hapana. Imetoka."

"Jaribu."

"Ninajaribu, mwanangu. Naona gita. Naona mikono. Shati siioni."

Goreth alibaki na kishungi cha nywele kati ya vidole vile virefu. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ile ya kwanza, lakini sasa machozi yalidondoka kwenye kitana. "Basi sema tu yoyote," akasema. "Sema nyekundu. Nani atajua? Sema nyekundu, nitaishika."

Mama Bupe aliinua mkono nyuma, akaushika ule uliokuwa juu ya kichwa chake.

"Hapana," akasema. "Nilishakubebesha uongo mara moja, ukiwa na miaka munane. Ya pili sitakupa."

Goreth hakuutoa mkono wake. Alijifuta uso kwa bega, akauchukua mkono wake polepole, akagawa tena nywele, akaendelea kusuka pale alipoachia, na safari hii hakuvuta.

"Kipushi," akasema. "Iko na madirisha ngapi?"